Saa Tatu, Saa Sita, Saa Tisa: Kupanga Shule ya Nyumbani Nyanda za Juu Kusini

Mwishoni mwa Juni jua la Mbeya huchomoza saa moja kamili asubuhi. Dar es Salaam siku hiyohiyo kunakuwa kumeshakucha karibu nusu saa nzima. Saa kumi na mbili na nusu, wakati mwenzetu wa Pwani anafungua madirisha, huku bado ni giza, na baridi inayoteremka kutoka mlima Loleza imeshaingia hadi jikoni. Mwaka nilioanza kumfundisha mwanangu nyumbani nilikuwa nimebandika ukutani ratiba niliyoinakili kutoka kitabu cha mama mmoja Mkristo wa Marekani. Ilimtaka mtoto awe mezani saa kumi na mbili na nusu, aanze na hesabu. Mtoto akakaa, sweta mbili mwilini, penseli ikimponyoka kila alipoandika tarakimu. Bibi yake alikuwa anachochea jiko la mkaa. Akaniambia taratibu: "Mwanangu, mwache kwanza aote moto. Vidole vikipata joto, hesabu zitakuja zenyewe."

Nimelifikiria neno lile kwa miaka. Ratiba yangu ilikuwa imepangwa vizuri kila mahali isipokuwa hapa ilipobandikwa. Wazazi wengi wa Kikristo ninaokutana nao Mbeya na Iringa, wanaotaka kuwafundisha watoto wao nyumbani, huanza palepale nilipoanzia: wanachora jedwali la masaa, wanajaza masomo, kisha wanatafuta pa kuichomeka sala. Naamini inafaa kwenda kinyume chake. Siku ya nyumba ya Kikristo ya Nyanda za Juu ina nguzo zake tayari, zilizosimikwa na jua, na shamba, na ibada. Mzazi kwanza azitambue hizo, kisha masomo yafungwe juu yake.

Kabla sijaendelea, tuwe wazi kuhusu shule yenyewe. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, inamlazimu mzazi kumwandikisha mtoto wake shule ya msingi anapofikia umri, na Sera ya Elimu na Mafunzo katika toleo lake la 2023 imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10. Kwa hiyo shule ya nyumbani tunayoizungumzia kwa Watanzania walio wengi si mbadala wa shule ya kata au ya kanisa. Ni shule ya pili. Ni asubuhi kabla ya kwenda, ni jioni baada ya kurudi, ni Jumamosi, ni likizo ya Juni na ya Desemba, ni miaka mitano au sita ya kwanza kabla mtoto hajavaa sare. Zipo familia za wamisheni wa kigeni zinazofundisha nyumbani siku nzima kwa mitaala ya kwao, na ndizo zilizotuletea vitabu kama kile changu. Lakini kwetu sisi mtihani mkubwa ulikuwa mwaka 2020. Shule zilifungwa Machi 17 kwa sababu ya korona, na za msingi hazikufunguliwa hadi Juni 29. Kwa zaidi ya miezi mitatu kila nyumba yenye mtoto ikawa shule, itake isitake. Vipindi vilikuwepo redioni na kwenye televisheni, na vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vilipatikana kwenye Maktaba Mtandao yao kwa aliyekuwa na simu na bando. Kilichokosekana katika nyumba nyingi ni mpangilio wa siku. Nyumba zilizokuwa na desturi ya ibada ya asubuhi zilivuka vizuri zaidi, nami niliziona kwa macho yangu. Watoto wake walikuwa wameshazoea kwamba kuna saa ambayo watu wote wanakaa, wananyamaza na kusikiliza.

Sasa turudi kwenye saa. Lugha yetu imetupa zawadi ambayo hatuitambui. Anayesoma Injili kwa Kiingereza akikuta habari ya saa tatu, saa sita na saa tisa, inambidi ahesabu upya ndipo aelewe ni wakati gani wa mchana. Sisi hatuhesabu. Mwenye shamba la mizabibu katika Mathayo 20 alitoka alfajiri kutafuta vibarua, akatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja, na mtoto wa Uyole anayejua vibarua wa mashamba ya viazi wanavyosubiri kando ya barabara anaiona picha yote. Roho Mtakatifu aliwashukia wanafunzi, na kufika saa tatu watu walikuwa wameshakusanyika wanashangaa. Petro alipanda darini kuomba saa sita. Petro na Yohana walikwea kwenda hekaluni saa tisa, saa ya kusali, na ni saa tisa ileile Bwana alipolia msalabani. Saa hizi ni saa zetu. Ndizo tunazozisema sokoni na stendi.

Basi mimi nimezifanya kuwa vigingi vitatu vya siku. Sijabuni kitu kipya. Wakatoliki wa Iringa wanaosali Malaika wa Bwana asubuhi, saa sita na jioni wanaigawa siku kwa namna hiyo tangu zamani. Kinachofaa kwa mpanga ratiba ni kwamba kigingi kinavumilia. Jedwali la dakika arobaini arobaini likichelewa mara moja linaanguka lote, kwa kuwa kila kipindi kinasukuma kingine. Ukiwa na vigingi vitatu, mgeni akija saa mbili, au maji yakikatika mkaenda kuchota, unachopoteza ni kilicho kati ya kigingi na kigingi. Saa sita inafika, mnasimama, mnaomba, na siku inaanza tena.

Siku mtoto anaposhinda nyumbani, kati ya asubuhi na saa tatu ndipo masomo mazito yakae: kusoma, kuandika, kuhesabu. Hapa wazazi huogopa muda kuwa mdogo, kwa hiyo tupige hesabu. Shuleni kipindi cha darasa la kwanza na la pili ni dakika 30. Darasa la watoto 60 halimshangazi mtu huku kwetu. Mwalimu akigawa dakika zake sawasawa, kila mtoto anapata nusu dakika ya kuangaliwa yeye peke yake. Mzazi anayekaa na mtoto mmoja kwa dakika ishirini amempa muda ambao mwalimu yule, hata awe hodari vipi, angehitaji vipindi arobaini kumpatia. Kwa mtoto wa miaka saba, dakika ishirini za kusoma, ishirini za kuandika na ishirini za kuhesabu zinatosha kabisa. Wa miaka kumi hadi kumi na mbili anaweza kwenda kwa muda wa saa mbili, tatu kwa shida. Zaidi ya hapo unamchosha, na mtoto aliyechoka mikononi mwa mzazi wake anachoka na mzazi pia.

Wamoravian wa Rungwe na Mbeya wana babu wa kuwaunga mkono katika hili. Johann Amos Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu aliyeishi kati ya 1592 na 1670, aliandika kitabu kizima juu ya shule ya magotini pa mama, yaani miaka sita ya kwanza ya mtoto. Hata kwa shule yenyewe alitaka mafundisho ya darasani yasizidi saa nne kwa siku. Na huyu ni mtu ambaye dunia nzima inamhesabu kuwa baba wa elimu ya kisasa. Ninapoona watoto wa darasa la tatu wakipelekwa tuisheni saa kumi na moja alfajiri na kurudishwa saa moja usiku, natamani kila mchungaji wa majimbo yetu amsome askofu wake huyo.

Ila hapo asubuhi usisahau jua. Saa za nchi yetu zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita Somalia, nje kabisa ya Tanzania. Mbeya iko kwenye nyuzi 33 na nusu hivi, na kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo saa ya ukutani imelitangulia jua letu kwa dakika arobaini na kitu. Iringa, iliyo mashariki zaidi, wanaliona jua dakika kumi hivi kabla yetu. Kwa hiyo Juni na Julai mimi huanza masomo saa mbili, baada ya ibada, uji na moto. Hilo lenyewe limekuwa somo la jiografia. Mwanangu alipolielewa alikimbilia nje kupima kivuli cha mti wa parachichi saa sita kamili, akaona bado hakijafika ufupi wake wa mwisho.

Ibada ya asubuhi iwe fupi. Wimbo mmoja kutoka Tenzi za Rohoni, kifungu kimoja, sala. Wamoravian wana desturi ya neno la kila siku iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728 na kuchapwa kila mwaka tangu 1731, na uzuri wake ni kwamba mzazi hahangaiki kuchagua. Kuchagua kuna hatari yake. Nimewahi kumchagulia mtoto kifungu cha kuwatii wazazi asubuhi ya siku aliyokuwa amekosea usiku wake, naye akanitazama kwa jicho la mtu aliyeviziwa. Neno la Mungu lilikuwa limegeuzwa fimbo, na yeye alijua. Tangu siku ile nafuata mpangilio wa kalenda, na makosa tunayazungumza kwa lugha ya nyumbani, pembeni. Wala sitoi alama kwa kukariri mistari. Hesabu zipewe vema na kosa, lakini sala isisahihishwe kwa kalamu nyekundu.

Saa tatu hadi saa sita ni ya mikono: kufua, kupika, bustani, kuku, na kwa wakubwa kusoma wenyewe. Mtoto apewe kazi inayomhusu kweli, iliyo ya umri wake, ambayo isipofanyika nyumba nzima itaona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua pia haki yake ya kucheza, na mzazi Mkristo asiwe wa mwisho kuiheshimu. Luka, anapoeleza utoto wa Yesu mwishoni mwa sura ya pili, anataja hekima, kimo, kibali mbele za Mungu na kibali mbele za watu. Kimo kinakua kwa kukimbia na kula na kulala. Huwa naitazama ratiba ya wiki kwa mambo hayo manne, na mara nyingi naona hekima imejaziwa kila mahali huku kukimbia hakuna hata saa moja.

Baada ya saa tisa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote, kwa kuwa shule inatoka nje. Siku moja kwa wiki tunakwenda sokoni. Mwaka jana tulisimama kando ya gari lililokuwa linapakia viazi mviringo kutoka milima ya Uporoto. Magunia yalikuwa yameshonewa kilemba juu, kamba zimevutwa, tumbo limetuna: lumbesa. Binti yangu akauliza kwa nini gunia lina kofia. Mpakiaji mmoja, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Mdogo wangu, hiyo kofia ndiyo faida ya tajiri." Tulirudi nyumbani tukachukua debe na mahindi yetu wenyewe. Gunia la kawaida huku linahesabiwa debe sita. Tukauliza: mkulima akijaza debe saba au nane na kulipwa bei ya gunia moja, kwa magunia kumi amepoteza debe ngapi? Kwa bei ya debe ya wiki ile ni shilingi ngapi, na shilingi hizo ni madaftari mangapi? Akakokotoa, akakunja uso. Halafu tukasoma kwamba kanuni za vipimo haziruhusu kifungashio cha mazao kuzidi kilo 100, na kwamba kuna Wakala wa Vipimo aliyewekwa kusimamia hilo. Mwisho tukafungua Mithali 11 na Kumbukumbu la Torati 25, panapozungumzwa mizani ya hila na mawe ya kupimia yaliyo mawili, moja kubwa na moja dogo. Sikuongeza neno. Hesabu, uraia na Maandiko vilikuwa vimekutana juu ya gunia moja, na mtoto wa miaka kumi alikuwa amekasirika kwa sababu ya haki. Hakuna kipindi cha dakika 40 ambacho kingenipa mchana ule.

Historia nayo iko karibu hivyohivyo. Wa Iringa wana Kalenga, linakohifadhiwa fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na wana Isimila yenye zana za mawe za watu wa kale, mwendo mfupi kutoka mjini. Sisi wa Mbeya tuna Rungwe. Ninawaandikia watoto mwaka mmoja tu ubaoni, 1891. Agosti ya mwaka huo Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo, na mwaka uleule wamisheni wa Moravian na wa Berlin, Wajerumani vilevile, walifika kwa Wanyakyusa na kuanza vituo vyao. Mtoto Mkristo wa Nyanda za Juu anahitaji kuyashika yote mawili kwa pamoja, risasi na Injili zilizokuja mwaka mmoja kutoka nchi moja. Msimharakishie jibu. Mimi na wangu tumeshalizungumza zaidi ya mara tano, na kila mwaka anauliza swali kubwa zaidi.

Kisha jioni. Mwanzo sura ya kwanza inaihesabu siku kuanzia jioni kwenda asubuhi, na wazee wetu wa Kiswahili nao husema usiku wa Ijumaa wakimaanisha usiku unaoitangulia Ijumaa. Kwa mpanga ratiba hilo si jambo la kupambia maneno. Siku ya shule ya nyumbani inajengwa au inabomoka jioni iliyotangulia: madaftari yamewekwa mezani, penseli zimechongwa, kuni au mkaa upo, mtoto amelala saa mbili. Mzazi anayeanza kutafuta kitabu asubuhi ameshapoteza kigingi cha kwanza.

Jioni pia ni saa ya bibi na babu. Kumbukumbu la Torati 6 linawaambia wazazi wawafundishe watoto wakiwa wameketi nyumbani, wakiwa njiani, wakilala na wakiamka. Halitaji saa hata moja. Linataja nyakati za mwili, na nyakati hizo katika nyumba zetu mara nyingi ziko mikononi mwa wazee. Shule itamfundisha mtoto Kiswahili na Kiingereza. Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe na Kibena vitafundishwa nyumbani au havitafundishwa kabisa. Nyumbani kwetu baada ya chakula cha usiku mwalimu ni bibi, na mimi nakaa na watoto kama mwanafunzi. Watafsiri wa Biblia wanaofanya kazi kutoka Mbeya wameshughulika miaka mingi na lugha kama Kisafwa, Kimalila, Kibena na Kikinga, na ni jambo zito kuliko linavyoonekana mtoto kusikia sala ikisemwa kwa lugha ambayo bibi yake anaotea ndoto.

Kuhusu wiki nitasema machache. Siku moja ibaki tupu, na tupu maana yake tupu. Familia za Wasabato zina faida hapa kwa kuwa Sabato yao inaanza jua likizama Ijumaa, na mpaka huo hauna mjadala. Sisi wengine Jumapili yetu inaliwa na kwaya, vikao, kufua sare na kumalizia kazi za shule. Kama kuna mafundisho ya kipaimara Jumamosi, yahesabiwe kuwa somo kamili, na kingine kipunguzwe. Jumuiya ya mtaani nayo ihesabiwe. Mtoto anayekaa saa nzima kwa utulivu katika nyumba ya jirani, akawaamkia wakubwa wote shikamoo na kusikiliza shida zao zikiombewa, amesoma.

Na kwa mama anayeuza chakula sokoni Mwanjelwa, anayetoka saa kumi alfajiri na kurudi jua limezama? Nimeulizwa swali hilo na mama wa namna hiyo, mwenye watoto watatu anaowalea peke yake. Vigingi vitatu kwake haviwezekani. Tulikaa tukatafuta vilivyopo. Tukapata kimoja cha uhakika, dakika ishirini kabla ya kulala, na kingine cha Jumapili mchana. Mkubwa anamsomea wa pili, wa pili anamsomea mdogo, mama anasikiliza huku anamenya viazi vya kesho, halafu anaomba. Hiyo ndiyo ratiba yake yote, na ameishika mwaka wa pili sasa. Simwoni kuwa amepungukiwa na kitu kinachoitwa shule ya nyumbani ya Kikristo. Ninazijua nyumba zenye jedwali la rangi nne ukutani ambazo hazijaishika kwa wiki mbili mfululizo.

Mwaka nao una umbo lake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kwenda hadi Aprili au Mei. Juni na Julai ni mavuno, kupukuchua na baridi, na likizo ya katikati ya mwaka inaangukia humo. Ndiyo miezi ya hesabu za debe na gunia, ya kusoma kwa sauti karibu na moto, ya mambo ya ndani. Agosti hadi Oktoba vumbi limetanda lakini njia zinapitika, basi ni wakati wa Isimila, Kalenga na mlima Rungwe. Ratiba yangu kwa hiyo naiandika kwa penseli.

Katikati ya Novemba jua la Mbeya linachomoza saa kumi na mbili na robo. Mvua ya kwanza ikinyesha, watoto huamka wenyewe kwa kelele za ndege, na kuna mbegu za kupeleka shambani kabla ya jua kali. Jioni ya siku hiyo, chakula kikiisha, mdogo wao hushusha karatasi ukutani na kuileta mezani. Bibi anashika taa. Tunafuta saa mbili, tunaandika saa moja na nusu.